Kiswahili Hakina Maneno? Tuwaulize Waklingoni

Jumamosi moja ya baridi kali, katika darasa letu la Kiswahili la watoto hapa Silver Spring, mama mmoja alisimama mlangoni akimsubiri binti yake, akatoa kauli ambayo sote tumewahi kuisikia na wengi wetu tumewahi kuitoa. "Jamani, tusidanganyane," alisema. "Kiswahili ni kitamu, lakini hakina maneno. Mtoto akitaka kueleza maisha yake ya huku, hana budi aseme Kiingereza."

Mwalimu, ambaye wote tunamwita Bibi kwa umri na kwa heshima, hakujibu. Aliyejibu ni kijana wa miaka 13 aliyekaa nyuma. Alitoa kitabu kidogo mkobani, akakiinua. "Anti, hata hawa hawana maneno mengi. Lakini wanaongea."

Kitabu chenyewe kilikuwa The Klingon Dictionary, kamusi ya lugha ya Waklingoni, wale mashujaa wenye mapaji ya uso yaliyokunjamana katika filamu za Star Trek. Tulicheka sana. Kisha tukakiazima, tukakisoma kwa wiki tatu, tukaona aibu kwa kucheka. Makala haya ni uhakiki wa kitabu hicho, lakini pia ni jibu letu kwa yule mama, maana swali lake si la mzaha. Mzazi akishaamini kwamba lugha yake haina maneno, huacha kuizungumza na mwanawe, na mjukuu hukuta imeshakwisha.

Tuanze na mwenye kitabu, kwa kuwa ni jirani yetu. Marc Okrand ni mwanaisimu aliyepata shahada ya uzamivu Berkeley mwaka 1977, na tasnifu yake haikuhusu Waklingoni hata kidogo. Ilihusu sarufi ya Kimutsun, lugha ya wenyeji wa asili wa California, ambayo mzungumzaji wake wa mwisho aliyeimudu vizuri, Bi Ascensión Solórsano, alifariki mwaka 1930. Okrand hakumkuta bibi huyo. Alifanya kazi na makaratasi, yakiwemo yale aliyoacha mtafiti J. P. Harrington, aliyekaa na bibi huyo akiandika kila alichosema katika siku zake za mwisho. Baadaye Okrand alikuja Washington kwa utafiti katika Smithsonian, kisha akafanya kazi kwa miaka mingi katika taasisi ya Virginia inayoandaa maandishi ya televisheni kwa ajili ya viziwi. Kwa hiyo mtu aliyekuja kubuni lugha ya viumbe wasiokuwepo alikuwa amekwisha kuona kwa macho yake jinsi lugha ya watu waliokuwepo inavyobaki kwenye maboksi.

Wasanii wa Star Trek walitamka maneno machache ya Kiklingoni katika filamu ya mwaka 1979, yaliyobuniwa na mwigizaji James Doohan. Okrand aliitwa kwa ajili ya filamu ya tatu, iliyotoka mwaka 1984, akayachukua yale machache akayajengea sarufi. Kamusi ilitoka mwaka 1985, na toleo lenye nyongeza likafuata mwaka 1992. Tukumbushane kwamba Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ilitoka mwaka 1981. Kamusi hiyo, ya lugha moja kwa lugha ileile, imeitangulia ya Waklingoni kwa miaka minne tu! Wanaodhani sisi tuko na karne nyingi za kamusi wafikiri tena.

Sasa tuingie ndani. Jambo la kwanza lililotushangaza ni kwamba Mswahili akikisoma kitabu hiki hajihisi mgeni. Okrand alichagua sauti ambazo zingemsumbua Mmarekani, lakini kadhaa kati ya hizo hazitusumbui sisi. Ile gh yao ni gh ya "ghali" na "ghafla". Ile H yao kubwa ni kh ya yeyote aliyepita madrasa. Ile ng yao, ambayo huweza kuanza neno na kumfanya Mmarekani ajing'ate ulimi, ni ng' ya ng'ombe. Sauti inayoandikwa tlh ndiyo iliyotushinda, tukamwachia yule kijana.

La pili ni kitenzi. Kiklingoni, kama Kiswahili, hubandika mtendaji na mtendwa mbele ya kitenzi. Legh ni "ona". Qalegh ni "nakuona". Tofauti ni kwamba sisi tuna kiambishi cha mtendaji na kingine cha mtendwa, wao wameviyeyusha viwili kuwa kimoja. Mwishoni mwa kitenzi ndiko kwenye mambo. Wana kiambishi -moH, ambacho ni kauli yetu ya kutendesha. Wana -chuq, ambacho ni -ana yetu. Wana -'egh, ambacho ni -ji- yetu, isipokuwa chao kinakaa nyuma. Chukua ma-, yaani "sisi", tia legh, malizia na -chuq: maleghchuq. Tu-on-ana. Hatukuamini macho yetu.

Tazameni familia nzima ya neno moja. Ghoj ni kujifunza. Ghojmoh ingekuwa kosa. H ya mwisho ni lazima iwe kubwa, na kijana wetu alitusahihisha bila huruma: ghojmoH, yaani kumfanya mtu ajifunze, kufundisha. Ongeza -wI', kiambishi cha mtenda au kitu kitendacho, upate ghojwI', mwanafunzi, na ghojmoHwI', mwalimu. Mzizi mmoja, viambishi viwili, maneno manne. Sisi nasi tuna funza, fundisha, jifunza, fundishana, mafunzo, mkufunzi, na mwanafunzi, ambaye ukimchambua ni "mwana wa mafunzo". Hapo Kiswahili kimemzidi Mklingoni, kwa sababu kwake mwanafunzi ni mtendaji tu, na kwetu ni mtoto wa mtu.

Familia nyingine ni ya lo', yaani kutumia. Ukiongeza -laH, kiambishi cha uwezo, unapata lo'laH, kuwa na thamani. Ukiongeza -ghach, inakuwa nomino, lo'laHghach, thamani. Ukipachika -be' ya kukanusha katikati, unapata lo'laHbe'ghach, kutokuwa na thamani. Maana yake ni kwamba kwa Mklingoni chenye thamani ni kile kinachotumika. Neno limekuwa refu, lakini kila kipande kinajulikana, na anayejua vipande anaweza kulielewa siku ya kwanza anapolisikia. Huo ndio uzuri wa lugha za namna hii, na ndiyo lugha yetu. Mtu ambaye hajawahi kusikia "kiuavijasumu" anaweza kukaa nalo dakika moja, akakuta ki-, ua, na vijasumu, akajua daktari anasema nini.

Hadi hapa tumekisifu kitabu. Lakini mhakiki hahesabu viambishi tu, anauliza vinabeba nini. Na hapa ndipo Okrand alipoonyesha kipaji.

Kiklingoni kina kiambishi -Ha', ambacho hakikanushi bali kinatendua. Sisi tunacho: funga, fungua, kunja, kunjua, ziba, zibua, tega, tegua. "Sikufunga mlango" si sawa na "nimefungua mlango". Wao wana chu', kuwasha mtambo, na chu'Ha', kuuzima. Sawa. Lakini tafuteni neno "kupenda kitu" katika kamusi yao. Mtakuta parHa'. Na par ni nini? Ni kutopenda. Kwa Mklingoni hali ya kawaida ni kutopenda, na kupenda ni kutendua kule kutopenda, kama mtu anayefungua kifundo. Bila kuandika hata sentensi moja ya kueleza tabia zao, mwandishi ametuambia hawa ni watu gani kwa kuchagua tu lipi liwe mzizi na lipi liwe tawi.

Salamu nayo ni hivyo hivyo. Wanaosema Kiklingoni hakina salamu wanakosea kidogo. Wanasema nuqneH, na maana yake ni "unataka nini?" Wasomaji wetu watacheka, kisha wajiulize: na "hujambo" je? Ukilichambua unakuta kikanushi hu- na jambo. Tunamuuliza mwenzetu kama hana jambo linalomsumbua, naye anajibu hana, hata kama nyumba inaungua, ndipo baadaye aeleze. Salamu zote mbili ni maswali kuhusu jambo. Mklingoni anauliza shida yako ili uiseme haraka uondoke. Mswahili anauliza akiomba usiwe nayo, na hata ukiwa nayo, anakupa nafasi ya kuheshimiwa kwanza.

Tusisahau wingi. Sisi tuna ngeli, na wageni wanaojifunza Kiswahili katika taasisi ya wanadiplomasia kule Arlington wanazijua kwa machozi. Waklingoni wana wingi wa aina tatu: -pu' kwa viumbe wenye kusema, -Du' kwa viungo vya mwili, na -mey kwa vingine vyote. Hivyo -wI' ya mtenda haitofautishi mtu na kifaa katika umoja, lakini wingi unafichua. BaHwI'pu' ni wapiga mizinga, watu. So'wI'mey ni vifaa vya kufichia meli. Sisi tunafanya kazi hiyo mapema zaidi, kwa m- na ki-: mtu ni mkokotoaji, kifaa ni kikokotoo. Na kuna ufundi mmoja wa kupendeza. Puqpu' ni watoto. Ukisema puqmey, umewatia watoto katika wingi usio wao, na maana yake ni watoto waliozagaa kila mahali. Mzazi yeyote aliyewahi kupokea wageni wanne wenye watoto sita katika nyumba ya vyumba viwili Langley Park anajua neno hilo linahitajika. Sisi tungesema "vitoto" au "majitoto", na msikilizaji angejua hasira imefikia wapi.

Basi, kama mitambo inafanana hivi, tofauti iko wapi? Tumeijadili sana, na jawabu letu ni hili: neno huundwa mara mbili. Mara ya kwanza na fundi, kwa kanuni. Mara ya pili na watu, kwa kulitumia hadi likapata maana ambayo fundi hakuikusudia. Kitabu cha Okrand ni darasa zuri mno la mara ya kwanza. Mara ya pili ni kidogo sana kuonekana humo, na si kosa lake.

Chukueni lile legh'egh, kujiona. Katika kamusi yao ni kujiona tu, kama mbele ya kioo. Katika Kiswahili, "yule bwana anajiona" si habari ya kioo. Hakuna kamati iliyokaa ikaamua kwamba kujitazama kuwe kiburi. Ni majirani walioamua, uwanjani na kwenye baraza. "Dala" lilikuwa jina la sarafu ya shilingi tano. Makondakta wa Dar es Salaam wakaita abiria kwa nauli hiyo, na leo daladala ni gari, hata kama shilingi tano hainunui chochote. Matatu ya Nairobi nayo ilianza kwa senti kumi tatu. Mwalimu Nyerere alipoacha urais mwaka 1985 hakusema anastaafu wala anajiuzulu. Alichukua neno kutoka Kizanaki, lugha ya kwao, akasema anang'atuka, na tangu hapo kila kiongozi asiyetaka kuondoka amekuwa akipimwa kwa neno hilo. Kanuni za sarufi zilikuwapo mwaka 1984. Neno halikuwa na uzito huo hadi mtu alipolitumia na kweli akaondoka.

Nyerere anatuleta kwenye Shakespeare, na Shakespeare anaturudisha Arlington. Mwaka 2010 kikundi cha maigizo cha Washington Shakespeare Company, ambacho Okrand alikuwa mwenyekiti wa bodi yake, kilionyesha vipande vya Hamlet na Much Ado About Nothing kwa Kiklingoni. Lugha iliyokuwa na umri wa miaka 26 ilipanda jukwaani ikamsema Hamlet, ng'ambo tu ya mto Potomac. Lile swali la Hamlet kuhusu kuwa na kutokuwa lilikuwa tatizo tangu filamu ya sita, ya mwaka 1991, kwa sababu Kiklingoni hakina kitenzi cha "kuwa". Mklingoni anayetaka kusema yeye ni Mklingoni husema "Mklingoni mimi", basi. Okrand alijaribu kwanza yIn, kuishi. Mwigizaji Christopher Plummer hakupenda linavyosikika. Ndipo fundi akakichukua kiambishi -taH, kinachoonyesha kitendo kinachoendelea, akakisimamisha peke yake kuwa kitenzi: taH, kuendelea, kudumu. Hamlet wa Waklingoni haulizi kama awepo au asiwepo. Anauliza kama aendelee au asiendelee, kama askari katikati ya vita. Pengo la lugha limezaa tafsiri yenye fikra.

Sisi tulikuwa tumefika huko zamani. Nyerere alimtafsiri Julius Caesar mwaka 1963, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Kitabu cha Kiingereza kinataja mfanyabiashara mmoja tu. Nyerere aliweka "mabepari", wengi, tena kwa neno ambalo katika Tanzania ya miaka miwili baada ya Azimio la Arusha halikumaanisha mchuuzi. Neno lenyewe lilivuka Bahari ya Hindi kutoka India, ambako lilikuwa na maana ya mfanyabiashara wa kawaida tu. Watu walishaliunda mara ya pili, na mtafsiri aliichukua maana hiyo ya pili kwa makusudi. Unaweza kukubaliana naye au kumpinga, kama wengi walivyompinga. Lakini hakuna aliyeshindwa kumwelewa. Samuel Mushi naye alikuwa ameshatoa Makbeth mwaka 1968, akafuatisha Tufani mwaka uliofuata. Kwa hiyo tunapoambiwa huku ughaibuni kwamba Kiswahili hakina maneno ya mambo mazito, tuwakumbushe wasemaji kwamba kina Shakespeare kwenye rafu, naye ameingia kwa mlango wa mbele.

Kuna mfano wa tatu, nao ni wetu na wa Star Trek kwa pamoja. Mwigizaji Nichelle Nichols, aliyefariki mwaka 2022, alikwenda kwenye usaili wake akiwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru. Neno hilo ndilo lililozaa jina la Luteni Uhura, na katika kipindi kimoja cha Septemba 1966 anasikika akizungumza Kiswahili. Tunajivunia, na tuna haki. Lakini kama wahakiki wa maneno, tutazame kilichotokea. U-huru ni neno lenye viungo: huru, uhuru, huria. Walipobadilisha irabu ya mwisho ili lisikike laini, walipata jina zuri na wakakata mshipa. Uhura haina "hura", haizai, hainyambuliki. Ni ua lililochumwa. Jina lake la kwanza, Nyota, waliliacha zima, nalo bado linang'aa. Na katika ile filamu ya 1991 Luteni wetu anaonekana akibabaika na Kiklingoni, vitabu vimetapakaa mbele yake, akitafuta neno. Tulipoiona tena mwaka huu hatukucheka kama zamani. Ndivyo watoto wetu wanavyokaa mbele ya simu bibi akipiga kutoka Tanga.

Sasa tufike kwenye kiini. Waklingoni wa kweli, yaani watu wanaoipenda lugha hii na kuizungumza, wana chama chao, Klingon Language Institute, kilichoanzishwa mwaka 1992 Pennsylvania. Mkutano wao wa kila mwaka unaitwa qep'a': qep ni mkutano, -'a' ni kiambishi cha ukuu. Wana desturi moja kali: hakuna anayeruhusiwa kubuni mzizi mpya isipokuwa Okrand. Wakikosa neno, humpelekea maombi, naye akipenda huleta jipya. Katikati ya hapo, wanalazimika kuishi na walichonacho. Huunganisha, hunyambua, huzunguka. Hata neno lao maarufu la kuagana, Qapla', ambalo mzizi wake Qap maana yake ni kufanikiwa, lina kipande cha mwisho ambacho sarufi haikieleza, nao hawathubutu kukipachika mahali pengine.

Desturi hiyo ina sura mbili. Sura ya kwanza inatutia aibu. Watu wenye maneno elfu chache, yaliyotungwa kwa ajili ya vita na meli, hukaa mezani wakaongea habari za chakula, kazi na mapenzi, kwa sababu wamekataa kukimbilia Kiingereza. Sisi tuna lugha ya mamilioni, tuna BAKITA iliyoundwa kwa sheria mwaka 1967, na tunashindwa kuagiza kahawa bila "nime-order". Hatusemi kukopa ni dhambi. Bendera, meza, shati, samehe na hesabu zote zilikuja na jahazi au meli. Lakini zilipofika zilivaa kanga. "Samehe" lilipewa -ana likawa sameheana, neno ambalo hatuwezi kufikiria harusi wala msiba bila hilo. Maneno tunayoyadondosha huku katikati ya sentensi hayapewi hata nafasi ya kuvua viatu. Yanapita tu, na yanapopita yanamfundisha mtoto kwamba mitambo ya lugha yake imezimwa.

Sura ya pili ya desturi ile ndiyo inayotuonya. D'Armond Speers, mwanaisimu aliyesoma hapa Georgetown, aliamua katika miaka ya 1990 kumsemesha mwanawe mchanga Kiklingoni peke yake, huku mama akimsemesha Kiingereza. Aliendelea kwa karibu miaka mitatu. Lugha ilikosa maneno ya vitu vya nyumbani, hata nepi. Lakini sisi hatuamini kwamba nepi ndiyo iliyomshinda. Mtoto alifikia mahali akawa hataki, baba akaacha, na lugha ikaondoka. Hakukuwa na shangazi wa kumchokoza kwa Kiklingoni, wala binamu wa kugombana naye, wala bibi wa kumwambia "njoo hapa nikuone ulivyokua". Kulikuwa na fundi mmoja na kanuni sahihi. Wanetu hapa Maryland na Virginia wako karibu na hali hiyo kuliko tunavyopenda kukiri. Katika nyumba nyingi Kiswahili kina msemaji mmoja na nusu. Basi tusikilaumu Kiswahili kwa njaa tuliyokiachia sisi.

Kuna jambo moja ambalo tulilitafuta katika vitenzi vya Okrand tukalikosa, nalo ni kauli ya kutendea. Mklingoni akitaka kusema kitendo ni kwa ajili ya mtu, humpachika mtu huyo kiambishi -vaD, akamweka kando ya kitenzi. Sisi tunamwingiza ndani: nimekupikia, amemwandikia, tutawaombea. Kitenzi chenyewe kinafungua nafasi ya mwingine. Hatudai kwamba Waswahili kwa hiyo ni wakarimu kuliko watu wote. Tumewahi kukaa kwenye vikao vya harambee. Tunasema tu kwamba mtoto anayeijua -ia ana chombo cha kumwonyesha mama yake anachomtendea kwa neno moja, na ni hasara asipopewa.

Tulimrudishia kijana kitabu chake mwishoni mwa Februari, na siku hiyo ndipo tulipopata ushahidi wetu bora, bila kuutafuta. Utabiri ulisema theluji itaanguka usiku wa Jumapili, na watoto hawakuwa na habari na kingine chochote. Binti wa yule mama aliyetuanzishia mjadala, mwenye umri wa miaka minane, alimuuliza Bibi: siku ile shule zinapofungwa kwa sababu ya theluji, inaitwaje kwa Kiswahili? Wazazi tulitazamana. Tanga haina siku hiyo. Tulianza kuunda maelezo marefu, mmoja akatoa "mfungo wa theluji", tukaogopa watoto wangedhani hawataruhusiwa kula. Bibi akawarudishia wenyewe: "Ninyi ndio mnaoijua siku hiyo. Mnafanya nini?"

"Tunalala, tunakula, tunacheza nje, tunakunywa kakao," walijibu.

"Hiyo ni sikukuu," akasema Bibi.

"Sikukuu ya theluji!" akapiga kelele yule mdogo.

Kijana wetu wa Kiklingoni alitikisa kichwa kama mzee wa baraza. Siku na kuu, alisema, qep na -'a'. Kanuni ni ileile. Alikuwa sahihi, na hiyo ni mara ya kwanza ya kuundwa kwa neno. Mara ya pili ilikuja Jumatatu alfajiri, shule zilipotangazwa kufungwa. Yule mama, aliyesema Kiswahili hakina maneno, alitupigia simu kabla ya saa moja asubuhi. Hakuwa na salamu ndefu. Bintiye alikuwa ameingia chumbani akaruka juu ya kitanda akisema, "Mama amka, sikukuu ya theluji!" Na baba wa mtoto, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akimjibu kwa Kiingereza, aliuliza kutoka chini ya blanketi, kwa Kiswahili, kama basi sikukuu hiyo ina pilau.

Neno hilo halimo katika kamusi yoyote. Halikupitishwa Dar es Salaam wala Nairobi. Lakini sasa lina nyumba kadhaa kandokando ya Georgia Avenue, na katika nyumba mojawapo limekwisha kupata maana ya pilau, ambayo fundi hakuikusudia.

Hukumu yetu juu ya The Klingon Dictionary, basi, ni hii. Ni kitabu kilichoandikwa kwa ucheshi na kwa elimu ya kweli, na Mswahili atakisoma kwa faida kuliko Mmarekani, kwa sababu atakuta humo mitambo ya lugha yake mwenyewe imefunguliwa na kupangwa mezani. Asichokikuta humo ni watu, nao hawauzwi na kitabu. Hao tunao sisi, angalau kwa sasa.

Wasomaji wapenzi, mkiunda neno nyumbani kwenu, hata la kuchekesha, tuandikieni, nasi tutalichapa pamoja na maelezo ya nani alilisema kwanza na kwa ajili gani. Hadi toleo lijalo, maleghchuq. Tutaonana.